Nani atasoma hizo picha?

Makala yenu inasifu mpango mpya wa vifaa vya hospitali hapa Kenya, kwamba safari hii mwenye mashine, yaani kampuni inayozileta, atalipwa kwa kila mgonjwa aliyehudumiwa. Sawa, afadhali kuliko ule wa 2015. Wakati ule hospitali 98 zilipelekewa vifaa vya kukodi, na kaunti zikakatwa pesa na serikali kuu kila mwaka hata mashine ikikaa bure. Makato yalianza kwa shilingi milioni 95 kila kaunti, yakapanda hadi milioni 200, na kuna magavana waliolalamika kuwa mkataba wenyewe hawajauona!

Ila mwandishi amepita mbio penye shida yenyewe. Vifaa vingi vilikaa bila kazi kwa kukosa umeme wa uhakika, maji na wataalamu. Mashine ya kusafisha damu inataka maji yaliyochujwa vizuri, si ya mtungi. Picha ya CT, ile ya kuona ndani ya mwili, nayo inataka daktari wa radiolojia wa kuisoma, na wengi wao wako Nairobi. Kulipia kila mgonjwa hakumwajiri daktari huyo.

Halafu mwenye mashine akilipwa kwa idadi ya wagonjwa, atakimbilia Mandera kule mbali, au Kiambu jirani na Nairobi? Na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ikichelewesha malipo, mashine itazimwa? Tuandikieni hayo.