Kitufe Kilichomeza Duka

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, na madeni ya mafundi alikuwa akiyaandika kwenye daftari la kaunta. Nikamtengenezea programu ya Java: jedwali la wadaiwa na, chini yake, vitufe vya Uza, Pokea Mzigo, Lipa Deni na Futa Madeni. Hicho cha mwisho kilikuwa cha kufungia mwaka tu.

Vitufe vilikaa ndani ya paneli. Paneli ya Swing, maktaba ya Java ya kutengenezea madirisha na vitufe, huja na FlowLayout, msimamizi wa mpangilio asiye na makuu: anavipanga mstari mmoja, nafasi ikiisha anashuka chini. Safi kabisa. Usiku wa kuamkia uzinduzi akapita binamu yangu, aliyesomea kompyuta muhula mmoja akatosheka, akauliza paneli ile ina kazi gani.

"Inabeba vitufe."

"Kwani dirisha haliwezi kubeba lenyewe?"

Nikaenda kula. Kurudi, keshafanya usafi: paneli hakuna, vitufe vyote kavitia dirishani moja kwa moja.

Dirisha kubeba linaweza, ila nalo lina msimamizi wake, BorderLayout. Huyu ana mikoa mitano: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi na katikati. Usipomtajia mkoa, kila kitu anakipeleka katikati, na hapo kinachoonekana ni kimoja tu, kilichoingia mwisho. Jedwali lilikuwemo, Uza ilikuwemo, Lipa Deni ilikuwemo. Hakuna aliyeziona.

Asubuhi, mafundi wameshika soda zao, programu ikafunguka. Dirisha zima, pikseli 800 kwa 600, ni kitufe kimoja. Tena BorderLayout hunenepesha kitufe, maandishi huyaacha yalivyo, kwa hiyo "Futa Madeni" ilijikunyata pale katikati, haisomeki bila miwani. Miwani ya Shangazi ilikuwa nyumbani.

"Mashallah, pana kweli. Nabonyeza wapi, baba?"

"Shangazi, usibonyeze! Achia maus!"

Akaiachia kwa heshima zote, akaegemeza kiganja kwenye kibodi. Sasa, kwenye Swing, kitufe kikiwa ndicho kinachosubiri amri, ule mwambaa mrefu wa kuachia nafasi unakibonyeza sawasawa na maus. Likachomoza swali: "Una uhakika?" Ndiyo ikiwa mbele, inasubiri. Kiganja hakijaondoka, kikaegemea tena.

Kimya. Halafu fundi mmoja wa rangi akapiga makofi, wenzake wakamfuata. Sijawahi kuona uzinduzi wa programu ukishangiliwa vile.

Binamu alisema tatizo ni kompyuta ya duka, ya zamani. Nilirudisha paneli, nikaiweka kusini, jedwali likarudi katikati kwa jina na anwani. Dakika tano, kazi imekwisha. Jedwali likapendeza sana, jeupe, halina mtu.

"Si neno," nikasema, "tutanakili upya kutoka kwenye daftari."

Shangazi akamwangalia kijana wa kaunta. Kijana akaangalia misumari. Tangu ajue kompyuta inakuja, alikuwa akichana kurasa za daftari na kufungia misumari ya inchi tatu, robo kilo robo kilo.

Jioni yule fundi wa rangi akarudi, ameshika karatasi yenye kutu.

"Mama, shikamoo. Humu nimeliona deni la jirani yangu, nikaona si vizuri nikae nalo. La kwangu nimelitafuta sana, silioni."