Nimeleta Hendibreki, Afande

Kosa langu lilikuwa kujifunzia gari kwenye pikapu ya Babu. Si babu yangu wa damu. Ni mzee wa mtaani kwetu aliyesomba pamba kwa lori miaka na miaka, akastaafu na mgongo mbovu na pikapu moja ambayo rangi yake kila mtu anaitaja ya kwake. Shule ya udereva nilikwenda, ada nikalipa, alama za barabarani nikazikariri mpaka nikawa naziota. Ila gari la shule lilikuwa moja na wanafunzi kumi na nane. Zamu yangu ikifika nilipewa dakika kumi, na nane kati ya hizo nilikuwa bado nasogeza kiti. Ndiyo maana jioni nikawa namwekea Babu mafuta, ananifundisha.

Pikapu ile ilikuwa na tabia zake. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Gia ya pili haikuingia mpaka uibembeleze. Breki ulizipampu mara tatu: ya kwanza kuzijulisha, ya pili kuzikumbusha, ya tatu ndiyo zinashika. Hendibreki haikuwapo. Yaani mkono wake ulikuwapo, pale katikati ya viti, umesimama wima, na Babu alikuwa ameutundikia mfuko wa karanga. Sikuwahi kuuliza ni wa kazi gani. Ndani ya gari lile kila kilichochomoza kilikuwa kimetundikiwa kitu.

Sasa mlimani unasimamaje? Kwa jiwe. Kijana mmoja wa bodaboda, mwanafunzi mwenzangu, ndiye alikuwa utingo wetu. Nikisimama kwenye mwinuko wa Isamilo, mguu nimekandamiza breki, yeye anaruka kutoka nyuma, anaweka jiwe chini ya tairi, kisha anapiga bodi: pa! pa! Hapo ndipo naachia klachi pole pole mpaka mlio wa injini unabadilika na boneti linainuka kidogo (hiyo ndiyo balansi, wanaojua wanajua), naongeza mafuta, tunakwenda. Kwenye kioo namwona kijana anatukimbilia na jiwe kwapani.

Siku moja nikamuuliza Babu, je, nikiwa peke yangu?

"Unazima, unaacha kwenye gia namba moja, unashuka kutafuta jiwe. Mwanza hii, mjukuu wangu, utakosa jiwe?"

Nikaliweka moyoni.

Siku ya mtihani nilivaa sketi yangu ya kikao cha wazazi na viatu vya kisigino kifupi. Gari la shule lilikuwa limeoshwa, linanukia sabuni. Trafiki aliyenitahini alikuwa mtu mzima, sare nyeupe imenyooka, kofia kaiweka magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole kabisa. Mwendo kwenye makazi ya watu? Kilomita 50 kwa saa. Pembetatu yenye ukingo mwekundu? Tahadhari. Akatikisa kichwa, akaandika. Nikajiona nimeshapata leseni.

Mbele kidogo mbuzi akakatiza. Nikapampu breki.

Jamani, kumbe breki nzima hazihitaji kujulishwa. Pampu ya kwanza kofia ikaruka kwenye dashibodi. Ya pili mwenyewe akaifuata. Ya tatu nilikuwa nimeshaianza, nikaona nisiiache njiani.

"Dada," akasema akiokota kalamu chini, "una ugomvi na mimi?"

"Hapana Afande. Nilikuwa nazikumbusha."

Hakuuliza nani. Tukapanda Isamilo kimya kimya. Katikati ya mwinuko akaniambia nisimame. "Haya, ondoka. Gari lisirudi nyuma hata kidogo."

Nikakanyaga breki, nikasubiri pa! pa! Kimya. Nikatazama kioo: hakuna kijana. Yuko kituoni anasubiri zamu yake, anatafuna kucha. Kilichokuwapo nyuma yangu ni daladala limejaa watu, na konda ananing'inia mlangoni akitutazama kama anayesubiri sinema ianze.

Nikakumbuka maneno ya Babu. Nikazima. Nikaacha kwenye gia namba moja. Nikafungua mlango.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Nakuja sasa hivi, Afande."

Ni kweli Mwanza mawe hayakosekani, ila siku ukiwa na haraka ndipo unagundua mengi yana ukubwa wa nyumba, na baadhi yana nyumba juu yake. Nilikimbia kushoto, nikakimbia kulia, sketi imenibana. Konda akanishangilia. Mwishoni nikamwona mama mmoja anapika maandazi kando ya barabara, mafiga yake matatu motoni na la nne, la akiba, amelikalia.

"Mama, niazime figa, narudisha sasa hivi!"

Sijui uso wangu ulikuwaje, maana alisimama bila hata swali. Nikalibeba kwa mikono miwili, jeusi kwa masizi, blauzi nyeupe ikaharibika palepale. Nikafika dirishani natweta.

"Nimeleta hendibreki, Afande."

Akalitazama jiwe, kisha akanitazama mimi. Kisha, pole pole, kwa vidole viwili tu, akauvuta ule mkono uliosimama kati ya viti. Krrrk.

"Na hii ni nini?"

Ningesema chochote kingine. Ningesema nimesahau, nimepaniki, nina homa. Lakini mimi ni mwalimu, na nawafundisha watoto wa watu kusema kweli.

"Nilijua ni ya kutundikia karanga."

Alicheka mpaka akavaa kofia kinyume. Alipotulia akaniambia nirudi baada ya wiki mbili, halafu akahamia kwenye usukani yeye mwenyewe. Jiwe aliamuru liingie ndani ya gari. Nilishuka Isamilo nimeketi kiti cha abiria, figa mapajani, kama mtu anayerudi kliniki na mtoto.

Wiki mbili zile nilivuta hendibreki mpaka ndotoni. Kwa Babu sikukanyaga. Nililipia saa za ziada kwenye gari la shule, na siku ya marudio, trafiki yuleyule, mwinuko uleule: nikavuta, nikatafuta balansi, nikaachia, gari likaondoka kama linateleza kwenye mafuta. Nilifurahi mno. Tulipokuwa tunateremka kuelekea Kirumba akanisimamisha pembeni, nikavuta tena. Nilipoondoka, kwa ile furaha, sikuishusha vizuri.

Gari likawa zito. Nikaongeza mafuta. Harufu ikaanza.

Afande akanusa. "Unasikia harufu?"

Tulikuwa tumekaribia Mwaloni, na anayeijua Mwaloni anajua magunia ya dagaa yanavyopangwa pale.

"Ni dagaa, Afande," nikasema, huku mkono unashuka taratibu kumalizia kazi.

Alinusa tena. Akaandika kitu. Mpaka leo naamini alijua.

Kituoni akanigongea muhuri, akaniambia niende TRA, kwa watu wa mapato, nikalipie, nipigwe picha. Leseni daraja D nikaipata. Natoka ofisini ndipo nikaliona: figa langu, jeusi tii, limezuia mlango usijifunge kwa upepo. Nikaomba nilichukue, nikaeleza kwamba lina mwenyewe.

"Haiwezekani," Afande akasema, na uso wake safari hii haukuwa na cheko hata chembe. "Hicho ni kielelezo."

Sasa nina kigari changu, na njia ya nyumbani inapita palepale kwenye maandazi. Kila siku nikikata ule mwinuko nafunga vioo, lakini sauti ya yule mama inapenya tu:

"Mwalimu! Figa langu!"