Wifi, kupenda kutunga vidani sio kazi ya bure

Juzi wifi yangu kanitumia voisi ya dakika tatu, salamu nyiingi, mama hajambo, watoto hawajambo, kumbe anazunguka tu: kamati ya kichen pati ni watu 14, wanataka vidani vya lulu na hereni zake, sare sare, viwe tayari Ijumaa. Nikauliza bajeti. "Aa wifi nawe, si unapenda mwenyewe?"

Napenda ndiyo. Napenda pia kulala.

Hivi watu wanadhani kidani kinajitunga? Chukua cha sentimita 45, punje za milimita 7, hapo ni punje 60 na kitu, na kila baada ya punje unapiga fundo, kila punje!, unalisogeza kwa ncha ya sindano mpaka libane kwenye tundu, likikaa mbali kidogo tu linaacha mwanya kama mtoto wa darasa la kwanza, na fundo la hariri likishakaza halifunguki, unakata unaanza upya. Sio mapambo jamani, fundo ndilo linazuia lulu zisisagane, na siku uzi ukikatika ukumbini inadondoka moja, sio zote 60 mnazifukuzia chini ya meza za watu. Zidisha mara 14. Mafundo zaidi ya 800. Ijumaa!

Eti nitumie mshipi wa samaki, ni haraka. Bibi yangu Tanga alitungia chachandu zake, zile shanga za kiunoni, mshipi, na sawa, zilidumu, ila zile ni shanga za kioo. Niliwahi kumkatia moja nikichezea, tukaokota mkekani mpaka magharibi, hadi leo nikinunua shanga saizi namba 11 Kariakoo (ambayo ni ndogo kuliko namba 8, usiniulize kwanini) magoti yanakumbuka.

Na hizo "lulu" alizoziona za bei ya pipi ni plastiki. Sugua kwenye jino, ya kweli inakwaruza kama ina mchanga.

Wengine wananiambia basi fungua biashara. Wapo wanaoifanya kazi, kina mama wa Fumba kule Unguja wanafuga chaza, wanabandika kitu kama kitufe ndani ya gamba, wanasubiri miezi chaza akivike mpaka iwe nusu lulu, hao heshima yao. Mi natunga usiku watoto wamelala, redio chini chini, na hiki ndicho kitu pekee kwenye wiki yangu ambacho hakuna mtu anakisubiri. Nikikosea nafumua. Nikichoka naacha katikati, hata mwezi.

Haya, nimewahi kumtungia shoga yangu kidani bure, kizuri kweli. Hakuniomba.

Wifi najua unasoma. Jumamosi nipo nyumbani, sindano zipo, hariri ipo, njoo na kamati yako yote. Chai ntapika mimi.