Mgonjwa wa kiharusi apimwe na kwenye mawe

Mtu aliyepata kiharusi, au AVC kama tunavyosema hapa Goma, akishaweza kupita korido ya hospitali bila kushikwa, faili lake huandikwa "anatembea" na anarudishwa nyumbani. Mimi naona neno hilo linaandikwa mapema mno. Koridoni sakafu ni laini, hakuna pikipiki, hakuna wa kumsalimia. Nje ya geti yanamngoja mawe ya volkano, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inayoteremka na makaa, na jirani anayetaka habari za watoto.

Kazi ya kutembea imegawanywa. Mdundo wa hatua, yaani kukunja na kunyoosha miguu kwa zamu, unaweza kutengenezwa na uti wa mgongo wenyewe. Mtafiti Graham Brown alilionyesha hilo kwa paka tangu 1911. Shina la ubongo huwasha mdundo huo na kuuongezea kasi. Serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, hurekebisha makosa hatua baada ya hatua. Gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huingia kazini hasa pale mguu unapolazimika kuvuka jiwe au kuchagua pa kukanyaga. Kiharusi kikikata njia zinazoshuka kutoka huko juu, mgonjwa anaanza kufikiria kila hatua, na akili haibaki na nafasi ya jambo lingine. Ukimuuliza kitu, anasimama kwanza ndipo akujibu. Kusimama huko tusikupuuze: mwaka 1997 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba wazee waliosimama ili waongee ndio waliokuja kuanguka zaidi.

Kupima hakuhitaji mashine. Chora kwa chaki mita 14: mbili za kuanzia, kumi za kupimwa, mbili za kumalizia. Ukianza kuhesabu muda mtu akiwa bado amesimama, utapata kasi ndogo kuliko aliyo nayo. Tembea nusu hatua nyuma yake, upande dhaifu. Ukitangulia, unampimia mwendo wako. Sekunde 25 ni mita 0.4 kwa sekunde, na chini ya hapo mtu kwa kawaida huishia kutembea ndani ya nyumba.

Sasa rudia, huku akitoa tatu tatu kuanzia 100, au akitaja vitu vya kununua sokoni. Mjaribu hesabu hiyo akiwa ameketi kwanza, usije ukadhani miguu imeshindwa kumbe hesabu ndiyo ngumu. Aliyetumia sekunde 14 akitumia 20, kasi yake imeshuka kwa asilimia 30. Andika pia kama alinyamaza ili atembee: huyo saa yake inaweza kuonyesha muda uleule, na bado yuko hatarini.

Katika mazoezi, kosa ninaloliona baya zaidi ni maneno mengi. "Inua goti, nyoosha kisigino, tazama mbele": kila amri inamrudisha kwenye kufikiria mguu. Chora mistari chini, mwambie akanyage mstari, basi. Akiizoea sakafu, mpeleke kwenye kokoto, halafu kwenye mawe, kwanza akiwa kimya. Mazungumzo yaje baadaye, na ugumu uongezwe mmoja mmoja, maana ukibadilisha ardhi na mazungumzo kwa pamoja hutajua kilichomwangusha. Mfunge kitenge imara kiunoni ushike hapo. Usimvute kwa mkono uliopooza. Misuli ya bega lake ni dhaifu, hailishikilii vizuri, na likishaanza kuuma mazoezi yanasimama kwa wiki nyingi.

Ninachoomba ni namba mbili kwenye karatasi ya kutoka hospitalini: kasi akiwa kimya, na kasi akiongea. Familia isomewe zote mbili, hasa yule atakayemsindikiza mtaani Birere, ili ajue kwamba penye mawe hatakiwi kumsemesha.