Mwanasaikolojia wa kulipia: ulizia kazi kabla ya kufungua moyo

Kikao changu cha tano na mwanasaikolojia hakikuwa ofisini. Tulisimama kwenye kivuko cha Likoni, upande wa kisiwa cha Mombasa, saa kumi jioni, nyuma kidogo ya umati unaosubiri feri, nami nimeshika kidaftari na kalamu. Kazi niliyopewa siku hiyo ilikuwa moja tu: kusimama pale dakika 20 bila kupanda na bila kukimbia, na kila baada ya dakika 5 kuandika hofu yangu ni ngapi kati ya 10. Nilianza na 8. Feri iliposhusha mlango wake wa chuma na watu wakaanza kutoka mbio, nikaandika 9 huku mkono ukitetemeka. Dakika ya ishirini niliandika 5.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu tiba ya mwanasaikolojia hudhani ni kukaa kitini, kulia, kisha kupewa mawaidha. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mamangu alifariki, na miezi michache baada ya arubaini yake nikaanza kubanwa na kifua kila nikiikaribia feri. Moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, naona kabisa kuwa roho inatoka. Hospitalini walinipima moyo mara 2, wakaniambia u mzima. Nafundisha shule iliyo ng'ambo ya pili, kwa hiyo nikawa naamka saa kumi alfajiri na kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu ili nisivuke. Hapa Mombasa hakuna anayemshangaa mtu anayeogopa feri. Mwaka 1994 ile ya Mtongwe ilizama wakafa zaidi ya watu 270, na wazee bado wanawataja waliopotea. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Kaza moyo, mwanangu. Ya nyumbani hayatoki nje."

Namheshimu mama mdogo na najua kwa nini alisema vile. Lakini wahenga hao hao walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuumbuka: nachelewa darasani, nawakaripia watoto bila kosa.

Mwanasaikolojia wa kwanza niliyemwendea alinivunja moyo. Simu yake ililia mara 2 akaipokea. Nilipomtaja mamangu, akaanza kunisimulia msiba wa kwao, na nusu ya saa niliyoilipia ikaenda kwa marehemu wake. Mwisho akaniambia nizidishe ibada. Ibada nafanya, na nikitaka nasaha za dini namjua sheikh wa mtaani petu, naye hanitozi kitu. Niliondoka nikijilaumu, nikidhani pengine mimi ndiye nisiyetibika. Ndiyo maana nalisema hili kwa uchungu: tiba hii ni kazi unayompa mtu aifanye, na kazi yoyote ina makubaliano. Una haki ya kuyaulizia kabla hujatoa siri hata moja.

Kuna maswali ambayo nusura nione haya kuyauliza. Umesajiliwa? Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni, hivyo mwenye leseni hakasiriki ukimwomba akuonyeshe. Unatumia njia gani ya tiba, na umeshawahi kuwatibu watu wenye shida kama yangu? Tutakutana mara ngapi kabla ya kuangalia kama inasaidia? Yule wa pili nilimuuliza yote haya kwenye simu, akayajibu moja baada ya jingine bila haraka. Nikamwita daktari. Akanisahihisha: "Mimi si daktari, dada yangu, siandiki dawa. Tukiona unahitaji dawa nitakuandikia barua umwone daktari wa magonjwa ya akili, na kazi yetu itaendelea." Nilimwamini tangu pale, kwa sababu alinionyesha mpaka wa kazi yake kabla sijauuliza.

Kikao cha kwanza kina karatasi nyingi. Nilijaza fomu 2, moja ya maswali 9 kuhusu huzuni na nyingine ya maswali 7 kuhusu wasiwasi, zote zikiuliza nimekuwaje katika wiki 2 zilizopita. Nilizijaza tena baada ya kila vikao vichache, na hapo ndipo utaona faida yake. Siku unayojiambia hakuna kilichobadilika, karatasi inakukumbusha ulivyokuwa.

Kisha akanieleza habari ya siri. Nisemayo yanabaki mle ndani, isipokuwa nikiwa katika hatari ya kujidhuru, au ya kumdhuru mtu, au kuna mtoto anayeteswa, au mahakama imeamuru. Aliyasema polepole, akaniuliza kama nimeelewa, ndipo nikatia sahihi. Usipoelezwa mipaka hii mwanzoni, iulizie. Na nakusihi usifiche mawazo ya kujiua kwa kuogopa polisi. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na hofu hiyo imewaziba watu wengi vinywa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mtaalamu ukimwambia unafikiria kufa, atakachotaka kujua ni lini, kwa njia gani, na nani yuko nawe nyumbani usiku huo.

Kabla sijatoka siku hiyo aliongeza neno ambalo sikulitarajia. "Tukikutana Marikiti sitakusalimia mpaka unisalimie wewe kwanza." Kwetu kumpita mtu unayemjua bila salamu ni utovu wa adabu, nikashtuka kidogo. Akaeleza kuwa akinisalimia, aliye pamoja nami atauliza tumejuana wapi. Nililifikiria neno hilo njia nzima. Jamaa wote waliowahi kunishauri hawangeweza kunipa kitu hicho hata wakitaka. Mama mdogo anamjua mume wangu, anawajua wifi zangu, na kila ninachomwambia lazima akipime na amani ya ukoo. Huyu hana wifi wa kumridhisha.

Lugha nayo ni jambo zito, zito kuliko watu wanavyodhani. Wanasaikolojia wetu husomeshwa kwa Kiingereza, na yule wa kwanza alikuwa ananiuliza maswali kwa lugha hiyo nami najibu kama niko kwenye usaili wa kazi. Kwa Kiswahili huzuni ina viungo. Moyo mzito, roho juu juu, kifua kubana, tumbo kukata, mwili kuchoka bila kazi. Wa pili aliniuliza, "Huo uzito wa moyo uko wapi hasa, na unakuja saa ngapi?" Nikajikuta namweleza kwamba unakuja nikisikia honi ya feri, na kwamba asubuhi alipofariki mamangu nilikuwa katikati ya maji, simu imeita, nami siwezi kushuka. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo, na sijui kama lingetoka kwa lugha nyingine. Ukimtafuta mtaalamu, mwambie mapema unataka kusema kwa lugha gani, iwe Kiswahili, Kigiriama au Kidigo.

Usiku wa siku hiyo sikuweza kupika. Nililala na nguo za kazini. Alikuwa amenionya kwamba baada ya baadhi ya vikao hali inaweza kuonekana imezidi, na akanipangia nani nimpigie simu ikinilemea. Bila onyo hilo nisingerudi tena.

Kikao cha nne ndicho kilichonibadilisha. Ofisi yake iko orofa ya tatu. Alinitaka niteremke ngazi na kupanda mara 2 kwa haraka, naye nyuma yangu. Nilifika juu napumua kwa kishindo, moyo unagonga kama mtu anabisha hodi. Akaniuliza, "Sasa hivi unakufa?" Nikasema hapana, nimepanda ngazi. "Basi moyo ni huo huo, na mapigo ni hayo hayo. Likoni unayapa jina la kifo, hapa umeyapa jina la ngazi." Njia aliyoitumia inashughulika na fikra na tabia kwa pamoja, na mmoja wa waasisi wake ni Aaron Beck wa Marekani, aliyeianzisha miaka ya 1960. Kwangu iligeuka kuwa kidaftari cha kurasa 48 na zoezi jipya kila wiki. Kusimama mbali. Kusimama karibu. Kupanda na mtu na kurudi naye. Kupanda peke yangu. Kila nilipozunguka kwa Dongo Kundu, alisema, nilikuwa nailisha hofu ikashiba.

Ukienda ukitarajia mtaalamu afanye kazi yote kwa saa yake moja, utapoteza pesa. Na pesa si ndogo. Nililipa shilingi 3,000 kwa kikao cha dakika 50, vikao 12, na nikikosa bila kusema siku moja kabla nalipa nusu. Bima ya kazini ilirudisha sehemu tu, tena baada ya kudai barua ya daktari. Naumia nikiwafikiria wasioweza. Hospitali ya umma ya Port Reitz, hapa Mombasa, ina kitengo cha afya ya akili, nayo ni nafuu zaidi, na asiye na uwezo aanzie huko badala ya kungoja. Mwenye ofisi binafsi pia hakatazwi kuulizwa kama ana bei ya chini au kama mnaweza kukutana kila wiki 2.

Na ikiwa baada ya vikao 3 au 4 huoni mnakoelekea, mwambie hivyo hivyo ana kwa ana. Mtaalamu mzuri atabadilisha njia au atakuelekeza kwa mwenzake. Mimi yule wa kwanza nilimkimbia kimyakimya, na hadi leo natamani ningemwambia ile simu iliniuma kiasi gani.

Kumaliza nako kulipangwa. Kikao cha tisa aliniambia tumekaribia, tukaachanisha vikao vya mwisho, kimoja kwa mwezi. Kile cha kumi na mbili tulipitia kidaftari chote. Sasa navuka kila siku ya kazi. Jumatatu iliyopita palikuwa na msongamano mkubwa, honi ikalia tukiwa katikati ya maji, nikatoa kalamu mkobani nikaandika 4.