Mwenye nyavu apishwe

Boti za starehe zinapotoka Ggaba na Munyonyo, jijini Kampala, Uganda, wikendi kuelekea visiwani, malalamiko ya manahodha ni yaleyale: wavuvi wanaziba njia. Nyavu zimetandazwa popote, mitumbwi haina taa, na uzi ukishajisokota kwenye rafadha, injini inazimika katikati ya Ziwa Victoria huku abiria wakianza kupiga mayowe.

Malalamiko hayo yana ukweli. Huwezi kumpisha mtu usiyemwona. Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia vyombo kugongana zinataka hata chombo cha makasia kiwe na tochi au taa ya kuwasha mapema, na mvuvi anayekaa gizani bila hata tochi anacheza na roho yake.

Lakini kanuni hizohizo, ambazo ndizo shule ya manahodha wengi hata nje ya bahari, zinasema chombo cha injini kimpishe anayevua kwa nyavu. Si upendeleo. Anayekokota ndoano nyuma ya chombo hapewi nafasi hiyo, kwa kuwa anaweza kugeuka atakavyo. Mwenye nyavu majini amefungwa na mzigo wake: akikata kamba amepoteza mtaji, akibaki anakungoja wewe uamue.

Kisha kuna mawimbi. Nahodha wa boti ya kasi akipita karibu na mtumbwi bila kuugusa hujiona amepita salama. Wimbi alilolizua linafika yeye akiwa ameshasonga mbele, muziki juu, kinywaji mkononi. Mtumbwi uliojaa nyavu na samaki ukingo wake uko chupuchupu na maji, na watu wamesimama wakivuta. Hakuna kugongana, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Mtumbwi ukijaa maji, watasema mvuvi alizidisha mzigo. Hesabu ya ajali za namna hii ataiandika nani, iwapo aliyeisababisha hakugeuka hata kutazama?

Na tukitaja kuzidisha mzigo, tukumbuke Novemba 24, 2018. MV Templar ilizama karibu na Mutima, Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ilikuwa boti ya starehe, haikuwa na leseni, na ilibeba watu kupita uwezo wake. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuokoa.

Uganda ilipata sheria mpya ya usafiri wa majini mwaka 2021, na mjadala mwingi umebaki kwenye leseni na majaketi ya kuokolea. Ni sawa. Taa nazo zidaiwe mialoni, ingawa wavuvi wa dagaa wanaovulia taa usiku huonekana toka mbali, na bado hupitwa kwa kasi. Ila nahodha wa starehe, kabla hajakabidhiwa leseni, aulizwe swali moja: ukiona madumu ya kushikilia nyavu yanaelea mbele yako, unapunguza mwendo ukiwa umbali gani?