Gitaa la Mjomba na noti ya Shangazi

Gitaa lenyewe ni la Kijapani, Teisco la miaka ya 1960. Mjomba alilipigia rizimu enzi zile dansi linakesha mpaka alfajiri. Sasa rangi imebanduka pale mkono unapolala, shingo imepinda kidogo, na ukizungusha kitufe cha sauti linakwaruza mpaka meno yanauma.

Nyumbani tukagawanyika. Mke wangu: liuzwe, sebule ipumue. Mjomba: litengenezwe, lipigwe rangi mpya. Mimi nilisimama katikati na hoja yangu ya kisomi. Oktoba 2024 kule London, gitaa la Fender Stratocaster la 1961 la marehemu Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland, lililobanduka rangi kuliko hata hili letu, lilipigwa mnada kwa zaidi ya pauni 800,000. Basi msasa usiliguse!

"Huyo Rory ndiye mjomba wako?" mke wangu akauliza, akaendelea kuchambua mchele.

Mnunuzi akapatikana, kijana wa Sinza anayekusanya vitu vya kale. Kumbe hakutaka gitaa. Alitaka pikapu zake tu, yaani vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, zile zenye uso wa rangi ya dhahabu, kwa sababu mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder aliwahi kupachika pikapu ya Teisco kwenye Stratocaster yake, na tangu hapo zinasakwa. Mjomba alimtazama kwa huruma. "Yaani mwanangu, unanunua mbuzi kwa ajili ya masikio?"

Kijana akasema sawa, kwanza alisikie. Jumamosi hiyo mpangaji wetu alikuwa anaozesha binti, uani kwetu Temeke, na Mjomba alishajipangia kuimba hata kabla ya kuombwa.

Amplifaya ilikuwa ya kukodi, plagi yake ya miguu miwili. Mnajua tunavyofanya: unachomeka kijiti kwenye tundu la juu la soketi, plagi inaingia, maisha yanaendelea. Ila lile tundu la juu ndilo la ethi, njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Bila ethi, umeme unaovuja ndani ya amplifaya hukosa pa kwenda, unafuata waya wa gitaa mpaka kwenye nyuzi, unatulia hapo kumsubiri mtu. Maikrofoni nayo ilikuwa kwenye mitambo ya DJ, yenye ethi kamili.

Mjomba alikuwa amevaa raba, kwa hiyo alipiga utangulizi mzima bila kuhisi kitu. Kisha akafumba macho, akasogeza mdomo mpaka ukagusa maikrofoni.

"Wewe ndiwe wanguuu... AIIIIH!"

Aliruka juu na gitaa lake, akatua kwa mguu mmoja. Na sijui ni bahati gani hii: ile "aiiih" iliangukia kwenye noti sawasawa. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Wazee wakasimama. Mtu akapiga kelele, "Huyo ndiye wa zamani bwana!" Mjomba, macho yamemtoka, hakuthubutu tena kusogelea maikrofoni, lakini mikono iliendelea kupiga. Msanii ni msanii.

Hapo ndipo Shangazi wa bibi harusi alipokuja kumtunza. Alikuwa amevua viatu ili acheze vizuri, na uwanja ulikuwa umemwagiwa maji kuua vumbi. Akaja kwa madaha, kiuno mbele, noti ya elfu kumi mkononi, akaibandika kwenye paji la uso la Mjomba lililojaa jasho.

Shangazi alirudi kinyumenyume mpaka kwenye meza ya keki. Noti ikapaa. Kilemba kikaenda upande wake. Watu wakadhani ni mtindo, na akina mama wengine wakapanga foleni na noti zao, mpaka Shangazi alipopata sauti: "Msimguse! Ana kitu huyu!"

DJ akazima kila kitu. Mnunuzi wetu nilimwona mara ya mwisho akitoka getini na sahani ya pilau, hasemi bei.

Gitaa halikuuzwa. Fundi redio akabadilisha kile kitufe, akalehemu nyaya zilizolegea, akatutafutia amplifaya yenye plagi ya miguu mitatu, akatukanya tusirudie: mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey alifia jukwaani Swansea, Wales, baada ya kushika maikrofoni yenye hitilafu kama hiyo. Rangi hatukuigusa, hapo nilishinda.

Harusi iliyofuata, Mjomba alipofika kwenye "wanguuu" aliruka mwenyewe, bila umeme. Wakamtunza mpiga besi.